Rashidi, usiuache waya wa nne

Mwanga, Kigoma

Mwanangu Rashidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, bibi yako uvimbe wa mguu umepungua. Mimi ndiye sina raha tangu uliponiambia kwenye simu, kuhusu ile kebo ya kuunganisha kompyuta ya dukani kwa mjomba wako na printa, "Mama, ni waya tatu tu, kazi imekwisha." Nilitaka kukujibu palepale, vocha ikakatika, na wewe hukupiga tena. Basi nimeandika, barua inakuja na mzigo kwa treni.

Haijakwisha, baba. Kebo ya waya tatu, wa kupeleka, wa kupokea na wa ethi, itakutolea stakabadhi moja safi, mjomba wako atafurahi, na hapo ndipo mtakapoumia. Kompyuta ikituma kwa 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, na kila herufi inakula biti kumi, ni kama herufi 960 kwa sekunde. Ile printa ya pini haifiki hata nusu ya mwendo huo. Zinazozidi zinakaa kwenye kumbukumbu yake, nayo ni ndogo. Ikijaa inataka kusema "ngoja kwanza". Itasemea wapi, ikiwa waya wa kusemea hukuufunga?

Tena nakufahamu. Upande wa kompyuta umebana pini ya 7 na ya 8 pamoja, na ya 4 na ya 6 pamoja, ili DOS, ile programu inayoendesha kompyuta, iache kulalamika. Ujanja huo hata sisi tuliujua. Kompyuta inajiuliza yenyewe, inajijibu yenyewe kwamba printa iko tayari, na mistari inayomwagika haionyeshi kosa lolote kwenye kioo. Mambo ya ile orodha ya mizigo unayajua, siyarudii. Magunia yaliyoruka karatasini hayakupotea bandarini, lakini aliyetazamwa ni mchapaji. Sitaki siku moja stakabadhi za mjomba wako ziruke namba, halafu wifi yangu akutazame wewe kwa jicho lile.

Kwa hiyo yafumue hayo uliyoyabana. Plagi ya pini 9 ni ya kompyuta, ya pini 25 ni ya printa. 3 iende 3, 2 iende 2, 5 iende 7. Usiogope namba kufanana: kwenye ndogo kompyuta inatumia 3 kupeleka, kwenye kubwa printa inatumia 3 kupokea, kwa hiyo zimeshapishana zenyewe. Halafu huo waya wa nne: 20 ya printa iende 8 ya kompyuta, na hapo kwenye 8 utoe kipande kifupi kwenda 6. Kuna printa zinazosemea kwenye 11 badala ya 20, soma kitabu chake, usibahatishe. Washa printa peke yake, weka mita ya kupimia umeme kati ya 20 na 7: ikiwa tayari utaona volti chanya. Ikijaa inageuka hasi. Kisha zima vyote viwili ndipo uchomeke. Risasi ya kulehemu iyeyuke vizuri iingie kwenye waya, isikae juu kama tone la nta.

Ukiwasha andika MODE COM1:9600,N,8,1,P halafu MODE LPT1:=COM1: ili kazi ya LPT1, ule mlango wa printa, ipite COM1, mlango wa pini 9. Na hiyo P usiiache, ndiyo inayoifanya kompyuta ivumilie printa ikisema ngoja. Printa nayo iwekwe 9600 hiyohiyo.

Na usijaribu kwa stakabadhi moja ukaita watu waje waone. Chapa daftari la mwezi mzima, ukae hapo na kalamu, ufuate namba moja moja hadi mwisho. Ukichoka, fuata tena.

Sikulaumu. Hapa mtaani nimeshawaambia wote kwamba mwanangu ndiye aliyefufua kompyuta ya duka la Tabora, mlango wake wa printa ulipokufa na mafundi wakasema itupwe. Fundi wa redio wa pale sokoni hakuamini, nikamwambia aje asome barua yako, kama ungekuwa unaandika barua. Lakini una haraka, na haraka hiyo hukuiokota njiani, baba yako anasema ni ya kwangu. Hayo tuyaache.

Kwenye mzigo kuna plagi mbili za pini 25, zilikuwa kwenye kopo la misumari, zisugue kwanza. Dagaa ni wa mjomba, waanike tena kidogo, hapa mvua haijatuacha. Usiziweke plagi na dagaa mfuko mmoja kama ulivyofanya na chaja. Bati la jikoni bado linavuja. Baba yako kanunua lami, haijapandishwa juu mpaka leo. Mdogo wako anataka viatu vya shule, saizi imeshapanda, uliza bei huko kabla sijanunua hapa.

Ndoo ya mawese ni ya kuuza, si zawadi. Mjomba wako atajifanya hajui. Hela yake mpe dereva anayerudi Ijumaa, na ukishafunga huo waya wa nne nipigie, nami nitakuwa nimeweka vocha.

Mama yako