Risala ya Madereva na Waongoza Wageni wa Morogoro kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utalii Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa kata na mitaa, wazee wetu, wageni waalikwa na ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 27 Septemba. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wa kikundi ambacho bado hakina ofisi. Sisi ni madereva wa bajaji na Noah, pamoja na vijana wanaopandisha wageni milima ya Uluguru. Wengi wetu tulianzia kijiweni Msamvu, tukigombea abiria na mizigo yao, kabla hatujajua kwamba kumpeleka mtu Morningside, kule juu mlimani Uluguru, na kumweleza anachokiona njiani nako ni kazi inayoweza kusomesha watoto.

Mheshimiwa, Morogoro tunauita mji kasoro bahari. Sisi wa usafiri tungeongeza kwamba ni mji na mkoa uliopitiwa na karibu kila njia kubwa ya nchi hii. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1907 ikitokea Dar es Salaam. Ikaja barabara kuu ya TANZAM, inayokwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia. Kusini mwa mkoa ikapita reli ya TAZARA, iendayo Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme inatufikia kwa muda usiotimia saa mbili, wakati kwa basi, ukikutana na foleni za Kibaha na Mlandizi, unaweza kumaliza nusu siku. Njia zile za zamani zilijengwa hasa kwa ajili ya mizigo. Utalii ulidandia tu. Lakini umedandia vizuri, na leo watu wengi wanakula kwa sababu yake.

Tazama Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikata kwa takriban kilomita 50. Mtoto anayetoka Mbeya na mama yake anaweza kumwona tembo kwa nauli ya basi peke yake. Mabasi hayo tumeyapanda. Konda akisema "twiga kushoto!", upande wa kulia wote unasimama, simu zinatoka mifukoni, na kuku waliomo kwenye tenga chini ya viti wanakanyagwa bila mtu kujua. Kwa Watanzania wengi hiyo ndiyo safari yao ya kwanza ya utalii, na inatuuma kwamba mara nyingi ndiyo ya mwisho.

Barabara hiyohiyo inaua. Matuta yapo, vibao vya faini kwa kila aina ya mnyama vipo, lakini bado tunakuta mizoga ya swala kandokando. Nyani nao wamejifunza kukaa barabarani kungoja magari, kwa kuwa abiria wanawatupia mabunzi ya mahindi na chupa za soda. Tunaomba, kupitia kwako, kila konda atangaze kabla gari halijaingia hifadhini: hakuna kutupa kitu dirishani. Tangazo hilo halina gharama hata ya shilingi moja.

Mheshimiwa, jambo lililotufanya tukuandikie risala hii hasa ni kipande cha mwisho cha safari.

Jumamosi moja mwenzetu wa bajaji alimkuta baba mmoja nje ya stesheni ya treni ya umeme, yuko na mkewe, watoto wawili na hotipoti ya chakula. Wametoka Dar alfajiri. Baba akauliza, "Kaka, lango la Mikumi liko upande gani, tutembee?" Hakujua kwamba kutoka pale bado kuna mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Alipotajiwa bei ya gari la kukodi, kwenda na kurudi, ikawa mara kadhaa ya nauli ya treni ya familia nzima. Wakapelekwa mjini, wakala chakula chao kivulini, wakautazama mlima kwa mbali, jioni wakapanda treni. Yule mtoto mdogo alikuwa amevaa fulana yenye picha ya simba.

Makundi yanayoandaliwa na kukodiwa mabasi tunayaona, na tunayafurahia. Anayeachwa ni huyu aliyejikatia tiketi mwenyewe. Tunaomba utusaidie tupate kibali cha kuweka mabasi madogo mawili, Jumamosi na Jumapili, ya kupokea treni ya asubuhi, kufika Mikumi na kurudi kuwahi treni ya jioni, abiria akilipa kwa kichwa. Coaster moja tunayo, ni ya mwanachama wetu. Leseni ya daladala haituruhusu kazi hiyo, na ada za kusafirisha watalii kikundi chetu hakijazifikia.

Hali ni hiyohiyo Mang'ula. Treni ya TAZARA inashusha watu jirani kabisa na Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, wenye maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, na ni wachache wanaojua kwamba wanaweza kufika huko kwa reli. Kibao kimoja kikubwa stesheni na kijana mmoja aliyefunzwa vingetosha kuanzia. Barabara ya Kisaki, inayotupeleka Hifadhi ya Nyerere, tunajua inashughulikiwa. Tunaomba isisimame, maana masika yaliyopita tulilala ndani ya gari na wageni wawili, magurudumu yamezama kwenye tope.

Ndege tunazipenda pia. Ila mgeni anayetua Kikoboga, kiwanja kidogo cha ndege ndani ya Mikumi, asubuhi akitokea Zanzibar na kurudi ufukweni jioni hanunui hata ndizi kwetu. Anayekuja kwa reli na barabara analala, anakula, anashona kitenge.

Mheshimiwa, kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri Coaster yetu itaondoka Msamvu kwenda Mikumi na wanafunzi ishirini wa shule ya msingi ya jirani, ambao hawajawahi kuingia hifadhini. Tumechangishana mafuta na viingilio. Kiti cha mbele, upande wa dirisha, tumekuachia wewe.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanachama,
Morogoro.