Kabla Hujatia Saini

Swahiba wangu,

Hongera tena. Kwenye simu nilishindwa kukuambia la maana kwa sababu wewe ulikuwa unalia na mimi nikakufuatia, tukamaliza salio hivyo hivyo. Sasa nimetulia. Barua zako mbili za kukubaliwa ulizonitumia picha, ya chuo kikubwa na ya chuo kidogo kinachokulipia ada yote, nimezisoma neno kwa neno, na nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana hili unaloniuliza, uende chuo kipi kusomea uhandisi, mimi nililiamua kwa pupa nilipokuwa na umri wako, na mpaka leo naishi na jibu lake.

Unasema mzee ameshaamua kwamba uende chuo kikubwa. Namwelewa kabisa. Lile jina kila mtu analijua, na mzazi aliyekuhangaikia miaka yote hii ana haki ya kutamani kulitaja mbele za watu. Usimkasirikie kwa hilo. Mama yeye ameuliza tu, "Nani atalipa?", nawe unaniambia swali lake limekukera. Mimi naanza na la mama.

Chukua karatasi. Chuo kikubwa kimekupa nafasi, lakini fedha hakijakupa. Barua yao imeandika "msaada wa kifedha", na ukishuka mstari kwa mstari unakuta msaada wenyewe karibu wote ni mkopo. Ufadhili huurudishi. Mkopo unaurudisha na nyongeza juu. Vyuo vingi huweka vyote viwili katika jedwali moja, jumla ikaandikwa chini kwa herufi nzito, na mtu akiona jumla inakaribia ada anashusha pumzi. Wewe vitenganishe kwa mkono wako, vya bure upande mmoja, vya kulipa upande mwingine, kisha utazame upande wa kulipa peke yake.

Tuseme unakopa 10,000 kila mwanzo wa mwaka, kwa miaka minne, kwa riba ya asilimia 7 inayoanza kuhesabiwa siku fedha inapotoka. Weka fedha ya nchi yoyote unayotaka, hesabu haibadiliki. Umekopa 40,000. Siku unayovaa joho, deni limefika kama 47,500 na bado hujaanza kulipa. Ukipewa miaka kumi ya kulilipa, kila mwezi utatoa kama 550, na utakapomaliza utakuwa umetoa zaidi ya 66,000. Katika rejesho lako la kwanza, nusu nzima inakwenda kwenye riba. Nimeipiga hesabu hii mara tatu nikitumaini nimekosea mahali.

Si kila mkopo uko hivyo, nakiri. Iko ambayo riba haianzi mpaka umalize masomo, na iko ambayo rejesho hufuata kipato chako, ukikosa kazi linasimama. Kwa hiyo waulize kwa maandishi: riba ni asilimia ngapi, inaanza lini, inaweza kupanda, na mdhamini ni nani. Hilo la mdhamini uliulize mzee akiwa amekaa hapo hapo. Kama mdhamini ni yeye, deni likikushinda linahamia kwake, na anatakiwa kulijua hilo sasa, wakati bado anaweza kusema neno.

Tena ada waliyokuandikia ni ya mwaka wa kwanza. Waulize imepanda kiasi gani katika miaka ya karibuni, na kama wakishakudahili huwa wanakufungia kiwango kimoja mpaka umalize. Malazi, chakula, bima, maabara na nauli ya kurudi nyumbani likizo navyo uvihesabu kwa miaka yote minne.

Nikueleze yaliyonikuta mimi, kwa sababu sidhani niliwahi kukueleza yote. Nilipata ufadhili katika chuo chenye jina, nikaenda bila kujiuliza mara mbili. Barua ya ufadhili niliibandika ukutani juu ya kitanda changu cha bweni, nikalala chini yake mwaka mzima. Ilikuwa imechapwa pande mbili za karatasi moja. Upande ulioelekea ukutani ndio uliokuwa na sentensi isemayo kwamba ufadhili ni wa mwaka wa kwanza, na kwamba kuendelea kwake kutategemea fedha zitakazokuwepo. Mwaka wa pili fedha hazikuwepo. Niliibandua barua ile siku ya kuhama chumba, nikasoma nyuma yake nikiwa nimesimama na gundi mkononi, na ofisini nilipokwenda kulalamika walinionyesha sentensi ile ile kwa ncha ya kalamu. Hawakuwa wamenidanganya. Nilikopa miaka mitatu iliyobaki, nikamaliza, na chuo kilikuwa kizuri kweli, sioni sababu ya kukuficha hilo.

Kilichoniuma kilikuja baadaye. Mwaka wangu wa kwanza baada ya kuhitimu, mhandisi mmoja mtu mzima, aliyetumia maisha yake kwenye visima na mabwawa, aliniita nifanye kazi chini yake. Angenizungusha maporini, angenifundisha kusoma ardhi, na mshahara ungekuwa mdogo kwa miaka miwili ya mwanzo. Nilikaa mezani na kalamu usiku kucha. Kila nilivyoupanga ule mshahara, nikitoa kodi ya chumba na chakula, rejesho halikutosha. Asubuhi nikamjibu kwamba siwezi. Nikachukua kazi ya ofisini, kukagua makabrasha ya zabuni, kwa sababu ililipa zaidi. Yule mzee ameshastaafu. Yale aliyokuwa ayaweke kichwani mwangu sikuyapata popote pengine, na ninapokuona wewe unataka kazi ya maji kama nilivyoitaka mimi, nashindwa kunyamaza.

Kwa hiyo unapouliza mkopo ule ni mkubwa kiasi gani, mimi nakuuliza utakuzuia kukubali nini ukiwa na miaka ishirini na mitano. Ndilo jambo kubwa nililokaa chini kukuandikia.

Sasa jina la chuo. Wapo watakaokuambia jina si kitu, na hao usiwasikilize, wana nusu tu ya ukweli. Wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 utafiti wa Marekani uliolinganisha wanafunzi waliokwenda vyuo vinavyochuja sana na wenzao waliokuwa wameomba na kukubaliwa katika vyuo vya aina hiyo hiyo lakini wakasoma kwingine. Kwa walio wengi, kipato cha baadaye kilikuwa karibu sawa. Yaani aliyekuwa na uwezo wa kukubaliwa aliubeba uwezo wake popote alipokwenda. Isipokuwa waliotoka familia zenye kipato kidogo: hao chuo kikubwa kiliwanufaisha kweli. Nakuandikia na hilo la mwisho kwa sababu linakuhusu, na ingekuwa dhambi kukuchagulia nusu ya matokeo inayonifaa mimi.

Mwaka 2023 wanauchumi wengine, Raj Chetty, David Deming na John Friedman, walirudi kwenye swali hilo wakitazama vyuo kumi na viwili vya juu kabisa vya Marekani. Wastani wa kipato haukuonyesha tofauti ya maana wakivilinganisha na vyuo vikuu bora vya umma. Lakini nafasi ya kufika kwenye ile asilimia 1 ya juu ya kipato iliongezeka kwa nusu, na ya kuajiriwa na makampuni yenye hadhi kubwa ikaongezeka mara tatu. Ungekuwa unataka benki kubwa za uwekezaji au ofisi kubwa za sheria, ningekuambia jina lile lina bei yake halali, tukae tutafute namna ya kulilipia. Wewe unataka maji safi yafike kwa watu. Katika kazi hii, niliyokaa ndani yake miaka yote hii, anayekuajiri anauliza umesajiliwa kuwa mhandisi au bado, na umewahi kusimamia nini.

Zile orodha za vyuo bora anazokutumia binamu yako nazo uzisome ukijua zinapima nini. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, inatoa asilimia 30 ya alama zake kwa tuzo za Nobel na nishani ya Fields ya hisabati walizopata wahitimu na wafanyakazi wa chuo. Hakuna kipimo hata kimoja ndani yake kinachouliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwaje. Inapima utafiti, na kwa utafiti inafaa. Wewe utakaa darasani.

Na hapa ndipo ninapotaka uwe mkali kuliko kwenye jambo lingine lolote: ithibati ya kozi, yaani kibali cha bodi kwamba kozi imefikia viwango. Nasema ya kozi, si ya chuo. Chuo kinaweza kuwa na sifa dunia nzima na kozi yake moja mpya ikawa bado haijapata ithibati ya bodi ya wahandisi. Upo Mkataba wa Washington, uliotiwa saini mwaka 1989 na vyombo vya nchi sita, na sasa una zaidi ya wanachama 20. Vyombo hivyo hutambuliana shahada za uhandisi, ili uliyesoma huku usianze upya kule. Unachotambua mkataba huo ni kozi zilizokwisha kupewa ithibati na chombo mwanachama, na mwaka uliohitimu una uzito wake, kwa hiyo ithibati iliyokwisha muda au inayokuja kesho haikusaidii. Tafuta orodha ya bodi yenyewe. Usitosheke na kipeperushi cha chuo. Kama kozi ya chuo kidogo haimo, futa yote niliyoandika juu, uende kikubwa, nami nitakusaidia kutafuta mkopo ulio nafuu.

Ikiwa imo, basi mimi ningekwenda chuo kidogo.

Nimeona hofu yako kwamba utajuta, kwamba utakuwa "umejishusha". Neno hilo lilinigusa, maana hukulitumia kabla ya barua kuja. Wiki tatu zilizopita ulikuwa unaomba Mungu hicho hicho chuo kidogo kikukubali. Wametazama kazi yako, wakakulipia ada yote, na mkuu wa idara ameandika kwa mkono wake pembeni mwa barua kwamba angependa uanze maabara ya maji tangu mwaka wa kwanza. Nimeukuza ule mwandiko kwenye simu nikausoma mara nyingi. Katika chuo changu sikugusa kifaa cha kupimia mpaka mwaka wa tatu, na tulikuwa wanafunzi kumi na wanne kwa kifaa kimoja.

Lakini nao wasikupofushe. Ufadhili wao una sharti la wastani wa alama. Uliza sharti hilo linapimwa kila muhula au kila mwaka, ukishuka mara moja unaonywa au unakatwa, na katika waliopewa ufadhili kama wako ni wangapi bado wanao mwaka wa tatu. Uhandisi una masomo yanayoangusha watu wenye akili nyingi, na alama uliyozoea shuleni siyo utakayoiona kwenye mtihani wa kwanza wa mekanika. Geuza karatasi. Soma nyuma.

Waombe pia wakuunganishe na wanafunzi wawili au watatu wa kozi hiyo walio mwaka wa mwisho. Hao waulize walifanya wapi mafunzo kwa vitendo, na nani aliwatafutia nafasi. Hapo ndipo utajua idara ina watu wanaopokea simu zake.

Kuna jambo jingine ambalo mimi sikulifanya kwa sababu ya aibu. Iandikie ofisi ya ufadhili ya chuo kikubwa. Waambie kwa heshima kwamba unakitaka chuo chao, kwamba kwingine umelipiwa ada yote, uambatishe nakala ya barua, kisha uulize kama wanaweza kukuangalia upya. Vyuo vingi hukubali kulifungua faili tena, hasa hali ya nyumbani ikiwa imebadilika tangu ulipoomba, na ya kwenu imebadilika. Wakikataa hujapoteza kitu, na nafasi yako inabaki pale pale. Wakiongeza fedha ya maana, ya ufadhili na si ya mkopo, tutapiga hesabu upya bila kinyongo.

Kwa mzee usiende na uamuzi. Nenda na ile karatasi yenye pande mbili, mwombe aipitie pamoja nawe, umwachie kalamu. Yeye ni mtu wa hesabu, alitufundisha sote kugawanya kwa njia ndefu pale barazani kwenu. Akiona 66,000 kwa mwandiko wako atauliza maswali, na maswali yake yatakuwa mazuri kuliko yangu.

Tarehe ya mwisho ya chuo kikubwa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Barua ya kuomba waliangalie upya faili lako iandike leo, unitumie nikusahihishie kabla hujalala. Orodha ya bodi nitaitafuta na mimi upande wangu, tulinganishe Jumapili jioni. Ukiwa na mama karibu, mpe salamu zangu, na umwambie lile swali lake nimeanza nalo.

Wako daima