Zile biri zako, na wiski ya kuzishushia

Kaka Deo,

Salamu nyingi. Sisi huku wote wazima. Nimesoma kwamba umezawadiwa boksi la biri, yaani cigar, na unataka kujua ufungue single malt ipi, ile wiski ya kimea cha shayiri kitupu kutoka kiwanda kimoja. Kwanza achana na ule ushauri wa kila mtu kwamba moshi upewe moshi.

Hao watakupeleka moja kwa moja kisiwani Islay, kule Uskochi, kwa Laphroaig na Ardbeg. Wiski nzuri, sikatai. Lakini kimea chao cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo wa mimea iliyooza unaochimbwa na kuanikwa, na moshi huo hubaki mpaka kwenye glasi, wenye harufu ya dawa ya vidonda. Ukiongeza na biri juu yake ni wagomvi wawili ndani ya chumba kimoja: husikii la huyu wala la yule. Mimi Islay nainywa peke yake.

Wewe tazama jani la nje. Likiwa la kahawia hafifu, kama lile la Connecticut, Marekani, linalokuzwa kivulini, hiyo ni biri laini. Ipe Glenmorangie Original, iliyolala kwenye mapipa yaliyokwisha kubeba bourbon, wiski ya Kimarekani. Mwaloni ule huiachia vanila, na haitaifunika tumbaku.

Jani likiwa jeusi lenye mafuta, maduro, hapo ndipo raha yenyewe ilipo. Limechachuliwa muda mrefu mpaka likapata utamu wa kahawa na chokoleti, nayo wiski ya mapipa ya sheri, ile divai kali ya Hispania, ina ladha ya zabibu kavu na viungo. GlenDronach ya miaka 12 inatosha kabisa. Piga funda dogo, litembeze mdomoni, meza. Ngoja kidogo, kisha vuta moshi uishie mdomoni tu, usiupeleke kifuani. Ukiutoa taratibu utahisi utamu wa sheri unarudi juu ya ulimi, safari hii umeshika uchungu wa kahawa. Ukianza na moshi, ulimi unakauka na wiski inakuja na ukali mtupu.

Ukishawishika na Glenfarclas 105, kumbuka kilevi chake ni asilimia 60. Tia maji, kijiko kimoja kwanza, uonje. Wapo watakaokucheka, waache wacheke na ulimi wao uliokufa ganzi. Dalmore nao wana chupa waliyoipa kabisa jina la Cigar Malt, ila usijione umekosa kitu kama huna.

Biri ya saizi ya robusto, yenye urefu wa kama inchi 5, itakuchukua karibu saa nzima, kwa hiyo glasi moja ndogo ikutoshe, usiiwahi. Theluthi ya mwisho huwa ya moto na kali zaidi. Ikianza kuchoma ulimi, iweke chini izimike yenyewe. Usiisage kama sigara, itanuka nyumba nzima. Na usiiwashe kwa kiberiti cha petroli, maana harufu yake huingia kwenye tumbaku na haitoki.

Niandikie jina lililo kwenye boksi na rangi ya jani. Kama ni za Nicaragua, huenda zikawa kali kuliko unavyodhani, basi kula kwanza ushibe.

Wasalimie wote.

Nduguyo,
Sospeter