Kliniki isipime kilo peke yake

Mhariri,

Kila ifikapo Januari magazeti yetu hujaa habari za uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza: madawati yapo au hayapo, walimu wanatosha au hawatoshi. Ni habari muhimu na naomba ziendelee. Lakini mtoto anayeandikishwa darasa la awali ana miaka mitano. Sisi tuliompokea akiwa na wiki sita tunajua kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kumjenga imeshafanyika, au imeshaachwa, kabla hajakalia dawati. Akifika miaka miwili tu, ubongo wake umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka hiyo haina mwalimu mkuu wala mkaguzi. Ina mlango mmoja ambao karibu watoto wote wa nchi hii hupita, nao ni kliniki ya mama na mtoto.

Nimestaafu uuguzi hapa Korogwe, na kazi yangu ilikuwa mzani, kadi na sindano. Kina mama wanaijua siku ya kliniki. Unatoka nyumbani alfajiri, wengine kwa miguu kutoka mashamba ya mkonge, unaweka kadi mezani, unakaa kwenye benchi mpaka jua linakuwa kali. Jina likiitwa, mtoto anavishwa ile kaptula ya mzani, ananing'inizwa huku analia, muuguzi anasoma kilo, anatia nukta kwenye kadi, kama ni zamu ya chanjo anachomwa, haya mama, mwezi ujao. Haulizwi mtoto anacheka na nani, ameanza kuita nini, akinyoosha kidole nani anamjibu. Siwalaumu wauguzi wenzangu. Aliye peke yake na foleni iliyojaza ukumbi atayaulizia wapi hayo? Tatizo ni utaratibu wenyewe.

Na hasara yake nimeiona. Nimeona mtoto anafikishwa hospitali akiwa na miaka minne ndipo inagundulika kwamba hasikii, na kadi yake nukta zote ziko kwenye kijani. Alikuwa ananyonya vizuri, anaongezeka vizuri, mama anaambiwa hongera. Swali moja la miezi tisa, "Ukimwita kwa nyuma anageuka?", lingetosha kuanzisha safari ya kumpima masikio mapema.

Kwenye benchi hilo hilo ndiko nilikoona namna mtoto anavyojifunza kuliko kwenye semina yoyote. Kulikuwa na binti mmoja na mwanawe wa kiume wa miezi kama tisa. Mtoto alishika kifuniko cha kikombe cha uji, akakigonga kwenye benchi. Mama akagonga na yeye, kwa kiganja. Mtoto akatulia, akamtazama usoni, akagonga tena. Mama akajibu. Wakaenda hivyo kwa zamu, mtoto anacheka mpaka mabega yanatikisika. Kisha mama akakifunika kifuniko kwa kanga na kuuliza, "Kiko wapi?" Mtoto akaiangalia kanga, akaivuta, akakipata. Akataka kifunikwe tena. Katika mchezo huo usio na gharama alijifunza kwamba akifanya jambo anajibiwa, kwamba mazungumzo yana zamu, na kwamba kitu kisichoonekana hakijapotea. Hayo ndiyo masomo ya kwanza kabisa, na herufi na namba huja juu yake.

Pembeni yao alikaa mtoto wa umri ule ule, simu yenye katuni imewekwa mbele ya uso wake. Kimya. Watu wanamsifu, mtoto mtulivu huyu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Sijawahi kuuona mwongozo huo umebandikwa kwenye ukuta wa kliniki, wakati mabango ya vyandarua yapo, na ni vizuri yawepo.

Wapo watakaosema kwanza chakula, michezo baadaye. Udumavu ni janga letu kweli: utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini tazameni kilichofanyika Kingston, Jamaika, kuanzia mwaka 1986. Profesa Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wa kati ya miezi 9 na 24. Wengine walipewa maziwa ya lishe kila wiki. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kwa wiki na wahudumu wa afya wa mitaani, waliomfundisha mama kuzungumza na kucheza na mwanawe kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata. Hiyo iliendelea miaka miwili. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa wanapata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakutembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo. Sisemi tuache uji wa lishe. Nasema mtoto anahitaji uji na anayemlisha awe anaongea naye.

Kuongea huko hakuhitaji mama asome wala awe na muda wa ziada. Anapomwogesha amtajie mkono, mguu, sikio. Anapochagua mchele ampe sufuria na mwiko. Chupa tupu ya maji ikitiwa maharage na kufungwa sawasawa ni manyanga. Na aongee lugha anayoiota: Kisambaa kinatosha, Kizigua kinatosha. Inaniuma nikisikia mama anamkatia mtoto wa mwaka mmoja maneno machache ya Kiingereza ya kubabaisha, akidhani ndiyo elimu, na kumnyima hadithi nzima anayoijua kwa lugha ya mama yake. Na baba naye ana mdomo. Mtoto akimletea jani, alipokee, aseme neno.

Serikali hailali kwenye hili. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayogusa mtoto hadi miaka minane. Imetaja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kumjibu mtoto kama yule binti wa kwenye benchi, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Karatasi ni nzuri. Ninachoomba ni ishuke mpaka kwenye benchi. Halmashauri iweke mkeka mmoja na kapu la vitu vya kuchezea vinavyooshwa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akae hapo na kina mama wakati wanasubiri, awaonyeshe na awaulize. Ule muda wa foleni, ambao leo unapotea bure, uwe ndio somo. Muuguzi hataongezewa kazi hata kidogo.

La pili ni ratiba. Baada ya chanjo ya pili ya surua na rubela, mtoto akiwa na miezi 18, kina mama wengi hatuwaoni tena, maana sindano zimekwisha na wanaona hawana la kufuata. Kutoka hapo hadi darasa la awali ni miaka mitatu na nusu, na ndiyo miaka mtoto anayojifunza kuunganisha maneno, kuuliza kwa nini, kusubiri zamu na kuzuia hasira. Naomba wanaopanga programu hii na zitakazofuata waipe miaka hiyo mahudhurio yenye tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, kama tarehe za chanjo zinavyoandikwa, na mama akija akute mtu wa kumsikiliza mtoto anavyoongea.

Muuguzi mstaafu,
Korogwe, Tanga