Barua ya wazi kwa binamu yangu wa Muheza

Mgosi, salaam. Juzi kwenye grupu la ukoo umeandika eti Muheza ni ya Wabondei na "watu wa kuja" watulie, nimesoma nikacheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akanigeukia. Hivi we babu yetu unadhani katokea wapi?

Babu alikuwa Muha bwana, wa Kasulu. Kaja kijana kabisa, treni halafu lori, kaletwa kukata mkonge. Manamba. Na hilo neno unalotukania watu maana yake namba tu, kila mmoja alikuwa na namba yake basi jina likawaganda. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao, SILABU, kazi yake kuzoa watu huko mbali, Waha, Wabena, Wamakonde, wengine Burundi, wengine Msumbiji, kwa sababu wenyeji wa huku walikuwa na mihogo yao na minazi yao, nani aende akachomwe miiba ili atimize kipande cha mzungu, ile kadi ya siku thelathini za kazi? Babu ndo kaenda. Baadaye wakamhamishia korona (mashine ya kuchakata mkonge, si ile ya barakoa).

Afu mkonge wenyewe mgeni! Mjerumani Hindorf kauagiza Florida, miche elfu moja, iliyofika mizima 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani mwaka 1893.

Sawa, bibi Mbondei, sikatai. Ila Wabondei ni watu wa bondeni, jina limetoka kwenye bonde, na mama yake bibi alikuwa Mzigua wa Handeni. Wazigua nao wana yao, kuna waliochukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa Somalia, vita ya 1991 ilipolipuka wajukuu zao wakakimbia, wengine wakarudi huku huku Handeni wakawekwa Chogo, makazi ya wakimbizi, na Kizigua wanacho mdomoni mpaka leo, wakaja kupewa na uraia. Sasa hao utawaita wa kuja au wa kurudi? Mi mwenyewe sijui.

Kadi ya babu ya kipande ipo, unajua iko wapi? Kwenye sanduku la mama yako, chini ya kanga. Shangazi kanionyesha Idi iliyopita, namba inasomeka vizuri tu. Muombe akupe uione, afu rudi kwenye grupu ufute ile meseji kabla wajomba wa Kasulu hawajaamka.