Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: paka wa soko la Kenya, mtaa wa jiji la Lubumbashi

Ndugu wanachama, wamama na wababa,

Hesabu za fedha atazisoma mtunza hazina. Mimi nina kosa la kukiri: tulitawanyika. Katuba walituita, tukaenda. Ruashi walituita, tukaenda. Kila mahali tulinasa paka wawili watatu, tukawafunga uzazi, tukaondoka tukijisifu. Majike tuliowaacha wametuumbua. Paka hubeba mimba wiki tisa tu, na binti yake anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Mvua haijaisha, nyuma ya magunia ya unga kukajaa paka tena.

Tangu Mei tumebaki soko la Kenya peke yake. Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza ndakala, yaani dagaa, anayejua kila paka hutokea saa ngapi na hulala wapi. Siku za kutega hawapi kitu tangu jioni: paka aliyeshiba haingii mtegoni, na daktari naye hataki tumbo lililojaa kabla ya dawa ya usingizi. Akinaswa, tunafunika mtego kwa kitenge, gizani hutulia. Kwanza daktari hukagua chuchu. Jike mwenye maziwa hurudishwa siku hiyohiyo, maana kuna watoto wanamngoja mahali. Wengine hufungwa uzazi, huchanjwa kichaa cha mbwa, na ncha ya sikio la kushoto hukatwa wakiwa bado wamelala. Nimeulizwa sana kama huo si uchawi. Ni alama tu, tusije tukamsumbua paka yuleyule mara ya pili.

Agosti mtu aliweka sumu kwenye samaki. Walikufa wenye sikio lililokatwa, wale wale tuliowahangaikia. Baadhi ya wauzaji walishangilia, kisha panya wakaanza kutoboa magunia, na paka wageni, wasiofungwa uzazi, wakachukua nafasi za waliokufa. Sasa wauzaji haohao ndio wanaotupigia simu.

Naomba mkutano uamue mambo mawili. Tusihamie soko lingine mpaka kila paka wa Kenya awe na alama. Pili, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Utabibu wa Mifugo, nasi hatujawahi kubisha hodi pale. Niruhusiwe kuwaandikia barua.

Na aliyechukua mtego mdogo baada ya kikao cha Oktoba, aulete kabla ya Jumamosi. Sitauliza ulikuwa wapi.

Mwenyekiti