Wajukuu zangu wa kidato cha tatu, msiiguse ile namba ndogo

Wajukuu zangu,

Kabla sijastaafu nilisahihisha madaftari ya kemia miaka mingi, na kuna kosa moja lililokuwa likiniuma kuliko yote. Mwanafunzi anasawazisha mlinganyo, yaani atomu za kila aina ziwe sawa kwa idadi kushoto na kulia. Ameandika H₂ + O₂ → H₂O. Anaona oksijeni mbili kushoto, moja kulia, basi anachomeka 2 chini ya ile O. Hesabu imekaa sawa, lakini maji hayapo tena. H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kidondani. Namba ndogo ndiyo inayokifanya kitu kiwe kilivyo. Namba yenu ni ya mbele tu: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Leo jioni, jiko la gesi likiwashwa, telekeni sufuria yenye maji baridi, nje iwe kavu kabisa. Tazameni ubavu wake mara moja. Utaingia ukungu, halafu ukauke. Maji hayo hayakuvuja, yamezaliwa motoni. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani; tuchukue propani peke yake:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Anzeni na kaboni. Ziko 3, kwa hiyo 3CO₂. Haidrojeni ziko 8, kwa hiyo 4H₂O. Oksijeni iacheni mwisho, maana kulia imejigawa kwenye vitu viwili: 6 huku, 4 kule, jumla 10. Kushoto zinakuja mbilimbili, basi 5O₂. Mwenye kuanza na oksijeni atafutafuta mpaka karatasi itoboke.

Sasa twende kwenye mizani. Moli ni hesabu kama dazeni, ila dazeni ni 12 na moli ni 6.022 × 10²³. Moli 1 ya propani ni gramu 44, moli 5 za oksijeni ni gramu 160; jumla 204. Kulia ni 132 za kabonidayoksaidi na 72 za maji: 204 tena. Mtungi wa kilo 6 una moli 136 hivi, na kila moja huzaa gramu 72 za maji. Hizo ni karibu kilo 9.8, kuzidi gesi yenyewe! Uzito huo umetoka hewani: moto umevuta karibu kilo 22 za oksijeni.

Ndiyo maana nawasihi mfungue dirisha. Oksijeni ikipungua, huweza kutokea hivi:

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

CO, yaani kabonimonoksaidi, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa nalo huitoa, kwa hiyo msilale nalo chumbani hata kama baridi ni kali kiasi gani.

Butani, C₄H₁₀, nawaachia. Mtafika kwenye oksijeni 13 na kukwama. Rudini nyuma, mzidishe mlinganyo wote kwa 2.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu wa kemia